Bomba la Makelele

Muuguzi alikuwa ametoka zamu, akajifanya amelala kwenye kiti cha basi. Lakini yaliyofumbwa ni macho tu. Masikio yalikuwa bado kazini. Mbele yake seremala mmoja alikuwa akimlalamikia mama aliyekaa naye. "Kigari chenyewe kikuukuu, dada yangu, mafuta hakinywi, kinanusa tu. Basi mwanangu kakishusha chini karibu kiguse lami, kang'oa bomba la moshi, kafunga jingine linalonguruma utadhani lori la kokoto. Kesho fundi analirudisha la zamani, mwanangu atake asitake."

"Mume wangu alikuwa na ugonjwa huohuo," mama akasema. "Nilimsema mpaka nikachoka. Nikimsikia anakata kona, nasonya, huku napakua. Anafika, sahani iko mezani."

"Na akasikia?"

"Hakusikia mpaka anaingia kaburini. Msiba ulipoisha nikapeleka gari kwa fundi, likafungwa bomba la kimya. Sasa kijana wetu ndiye analiendesha, anafika mlangoni sina habari. Nyumba imenyamaza, kaka."

"Si ulirudishe lile la makelele?"

"Nimelifuata juzi. Fundi kashaliuza chuma chakavu."

Basi likaanza kupunguza mwendo. Seremala akang'ang'ania kwamba makelele ni makelele, na majirani wamemchoka.

"Haya, mfungie la kimya," mama akasema, akiinuka. "Ila hilo la mwanao usiliache kwa fundi."

Basi likasimama, akashuka. Seremala alibaki kumtazama dirishani, na muuguzi alikuwa amesahau kufumba macho.