Tui Katika Maziwa ya Mwatumu

Kwenye baraza la Soud muuza kahawa, kona ya soko la Pangani, watu hawakukosekana baada ya sala ya alasiri. Huo ulikuwa mwaka ambao picha ya malkia mpya ilitundikwa bomani, na serikali ilikuwa imeanza kuwagawia watu wanyonge ng'ombe wa maziwa, wafugwe uani, ili maziwa yao yapunguze njaa majumbani. Mtaani kwao alifika mmoja tu, akapewa Mwatumu, mjane. Sharti lilikuwa auze maziwa safi. Akilivunja, ng'ombe angehamia kwa jirani yake, Hatibu mshona makuti. Hatibu naye alikuwa amefiwa na mkewe, Asmahani, akaachiwa mtoto mchanga. Kila sala alimwomba Mungu amwondolee kijicho, na kila akitoka msikitini alikikuta kinamngoja mlangoni. Mwatumu alikuwa ameng'oa makuti, ameezeka bati kwa pesa za maziwa. Makuti yenyewe aliyashona Hatibu.

Sadalla ndiye aliyeanza siku ile. Walimwita Meli, kwa kuwa aliwahi kuwa baharia safari moja na hakuwahi kumaliza kuisimulia.

– Yule mama anatia tui.

– Tui kwenye maziwa?

– Kwani vipi? Ng'ombe mmoja atoshe mtaa mzima? Minazi iko nyuma ya zizi. Anakuna, anachuja, anamimina. Vyote vyeupe, nani atajua?

Massoud akatikisa kichwa polepole. Yeye walimwita Kadhi, maana kesi zote za mtaa alizihukumu bila kuombwa.

– Meli, leo umenena. Tena lile tui la kwanza, zito.

– Angekuwa na akili angetia la pili, alidakia Soud, akigonganisha vikombe.

Wakacheka. Hatibu naye akacheka, kwa mdomo tu.

– Halafu tazama, Sadalla aliendelea, ng'ombe mwenyewe haendi malishoni. Anakatiwa majani, analetewa maji, anafagiliwa. Ebo! Mke wangu sijamfanyia hayo.

– Ndiyo maana amekonda, alisema Soud.

– We mimina kahawa! Mimi nasema yule si ng'ombe. Alipokuja, mumewe Mwatumu alikuwa ametimiza arobaini?

– Bado, alisema Massoud.

– Basi! Ndiye mumewe huyo.

– Astaghfirullahi, Meli! Mumewe anakamuliwa?

– Alipokuwa hai hakukamuliwa?

Soud alicheka mpaka akaweka chini mdila wa kahawa. Hatibu alitazama kikombe chake. Alijua jambo moja ambalo Sadalla hakulijua. Kila alfajiri Mwatumu alimpitishia bakuli la maziwa juu ya ua, limefunikwa kawa, kwa ajili ya Time, mtoto mchanga wa Hatibu. Hakupokea malipo. Hatibu alilichukua bakuli lile kwa mikono miwili, na moyo wake ulisema: lingekuwa langu zizi hili, ningempa mimi yeye. Basi alinyamaza. Maneno yale yalimpita masikioni kama upepo wa kusi siku ya joto, akaona raha, kisha akaona haya kwa raha ile.

Siku ya tatu yake, saa zile zile, baiskeli ikasimama mbele ya baraza. Alikuwa Rafaeli, kijana wa Kibondei, msaidizi wa Bwana Mifugo, katika kaptula yake ya kaki.

– Shikamooni, wazee.

– Marahaba, mwanetu.

– Habari za tui zimetoka hapa barazani, zimefika ofisini. Zikiwa kweli, ng'ombe anahama leo. Nataka shahidi ambaye maziwa yale yanaingia nyumbani kwake.

– Huyu hapa, Massoud alisema, akamshika Hatibu bega. Mwanawe anayanywa. Tena mtu wa msikitini. Akiapa huyu, mji mzima umeapa.

Kisha akamwinamia sikioni.

– Apa tu, bwana. Ng'ombe wako huyo.

Katika mawazo yake Hatibu alimwona ng'ombe akiwa uani kwake. Aliona na bati. Kunyamaza alikuwa amekuweza, tena bila taabu. Lakini kuapa! Jina la Mungu litoke katika kinywa hiki, kwa ajili ya hili? Alifungua kinywa, akakifunga, akakifungua tena.

– Mke wangu alipokufa, tulimpa mtoto tui. Hatukuwa na kingine. Alilitapika lote, akabaki mifupa. Haya ya Mwatumu anayanywa, analala. Wallahi, hayana tui.

– Loo! alisema Sadalla. Ng'ombe umemsukuma mtoni mwenyewe!

Rafaeli hakucheka. Alikuwa ameshika usukani wa baiskeli, tayari kuondoka, kisha akamgeukia Hatibu. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

– Baba, wakati haya yanasemwa hapa barazani, wewe ulikuwapo?

– Nilikuwapo.

– Ukawaambia nini?

Sadalla akatazama sokoni. Massoud, mwenye hukumu ya kila kesi, alivua kofia, akaikagua ndani, akaivaa tena. Hatibu alinyoosha kikombe, apate kitu cha kutia kinywani. Soud akainamisha mdila, akautikisa, akauinamisha zaidi.

Yakatoka mashapo.