Chupa Iliyokauka: Alhamisi za Nesi Perlita Sumagaysay

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, Nesi Perlita Sumagaysay anastaafu tarehe 28 Februari. Ndiye aliyeanzisha mafunzo ya kila Alhamisi kwa madaktari na wauguzi wa wodi yetu ya watoto mahututi wa moyo hapa Iloilo, Ufilipino, na hajakosa hata moja, isipokuwa siku mafuriko yalipofika ngazi ya tatu.

Wanafunzi humwita Nang Perlita, dada mkubwa, na humwogopa kuliko mtihani. Profesa mmoja alipokuwa akikandamiza kifua cha mwanasesere wa mafunzo, aliambiwa, "Taratibu, Profesa, huo si unga wa mkate!" Pansit ni marufuku zamuni, kwa kuwa tambi ndefu, anasema, huleta foleni ndefu ya wagonjwa. Nilikuwa daktari kwa miaka arobaini na sikuthubutu kuila.

Somo lake maarufu ni la chupa iliyokauka. Mtoto akishapasuliwa moyo, damu inayovuja hutolewa kwa mrija hadi kwenye chupa. Ikikatika ghafla, usishangilie. Huenda imeganda ndani na inaubana moyo. Hapo husimulia kwamba zamani nesi mmoja aliona chupa imekauka, akanyamaza, na mtoto wa miezi saba akafa. Wote wanajua nesi huyo ni yeye. Barua ya onyo ingali kwenye faili lake.

Lakini hakunyamaza. Daktari wa zamu nilikuwa mimi.

"Dok, chupa imekauka ghafla," alisema.

Nilikuwa nakula, nikamjibu huku nikimwita Inday, yaani binti. "Si ndicho tunachotaka, Inday? Nenda nawe ukale."

Akarudi. "Nimeshakula, Dok. Inuka umwone mtoto."

Nilicheka, nikamaliza supu yangu. Mbele ya kamati iliyochunguza kifo hicho nikasema sikuambiwa. Alikuwa ameketi kiti cha pili kutoka kwangu. Alinitazama, asiseme neno.

Kwa miaka ishirini na tisa sijaelewa kwa nini alikubali lawama. Mwaka jana, nilipoanza kuugua, nilimwuliza kwa nini hufundisha vile. Akanivutia blanketi hadi kifuani.

"Dok, nikiwaambia nesi alisema na hakusikilizwa, kesho nani atajisumbua kusema?"

Sijui kama hapo nilisamehewa au niliadhibiwa. Nilipomwuliza tena, aliniambia ninywe dawa.

Nimempelekea mkurugenzi maelezo yenye sahihi yangu, ili barua ile iondolewe kabla ya tarehe 28. Na atakayerithi Alhamisi zake awaketishe madaktari mstari wa mbele, alisimulie somo lile jinsi lilivyotokea, na alitaje jina langu.

Asante, Inday, kwa watoto waliokwenda nyumbani mikononi mwa mama zao. Wodi nzima inakuombea siku nyingi za utulivu, na pansit kila utakapo.

Nimechelewa sana, lakini nimeinuka.

Dkt. Eusebio Palmares