Maisha ya Murman Sakhvadze, Aliyemkirimu Afisa kwa Sahani za Kuazima

Lari elfu sita na mia tatu. Familia inaanza na hesabu hiyo kabla ya tarehe ya kuzaliwa, kwa sababu asubuhi hii, pale langoni, mkuu wa ofisi ya misaada ya wilaya, Bwana Mamuka, aliyefika na shada la maua ya plastiki na dereva wa kumbebea, alimshika mkono Vazha, ndugu mdogo wa mjane wa marehemu, ambaye ndiye anayewasomea hapa, akamwambia kwa sauti ya chini, "Ndugu yangu, leo ni siku ya machozi, mambo ya pesa tuyaache." Vazha akamuuliza, "Yaachwe na nani, na mdai au na mdaiwa?" Akasema, "Usinifokee mbele ya watu, mimi nimekuja kuzika." Akajibiwa, "Karibu uzike, kaka, makoleo yapo, lakini historia ya marehemu nitaisoma mimi, na wewe umo." Basi tunaomba utulivu, na Bwana Mamuka tumempa kiti cha mbele ili asikie vizuri.

Marehemu Murman Sakhvadze alizaliwa tarehe 3 Septemba 1966 hapa Zedalisi, katika nyumba hii hii, mtoto wa pekee wa marehemu Platon Sakhvadze, mtunza mizabibu wa shamba la ushirika, na Mama Nutsa, ambaye yuko nasi hapa na miaka yake themanini na minne, na ambaye tangu Jumanne hajakubali kuondoka karibu na jeneza hata kwa kikombe cha chai.

Alianza shule hapa kijijini mwaka 1973, akamaliza darasa la kumi mwaka 1983, hakuwa wa kwanza wala wa mwisho, ila aliwahi kuchapwa mbele ya shule nzima kwa kumfanyia mwenzake mtihani wa hesabu, na mwenzake huyo ni Bondo, jirani yetu, aliyekaa pale na kofia magotini, akitikisa kichwa kukubali. Mwaka 1984 alichukuliwa jeshini, akatumikia miaka miwili, akarudi, akajifunza uchomeleaji mjini Kutaisi, na kuanzia mwaka 1987 alikuwa mchomeleaji wa kiwanda, hadi kazi ziliposimama mwaka 1991. Kiwanda kilikuwa na deni lake la mishahara ya miezi saba na hakikuwa na kopeki moja, hivyo msimamizi akamwambia achukue mashine ya kuchomelea badala ya pesa, naye akaileta nyumbani juu ya mkokoteni. Sikilizeni hapo, enyi wenye ofisi: kiwanda kilichokuwa kinakufa kilitafuta cha kumlipa mtu wake.

Tarehe 14 Oktoba 1989 alifunga ndoa na Tsiala, binti wa ng'ambo ya mto, dada yake huyu anayesoma, na tarehe 2 Agosti 1990 Mungu akawajalia binti, Khatuna, ambaye anafanya kazi Thesaloniki, Ugiriki, ya kumtunza bibi kizee asiye wake, na aliposikia msiba alimwomba huyo bibi mshahara wa mwezi ujao, akapanda basi, akafika jana jioni.

Oktoba 1992 marehemu aliitwa vitani Abkhazia, akaenda bila kuuliza atalipwa nini, na tarehe 16 Machi 1993, karibu na mto Gumista, alipokuwa akirudi nyuma kumvuta mwenzake aliyeanguka, alikanyaga bomu la ardhini, akapoteza mguu wa kushoto kuanzia chini ya goti. Alirudi hapa mwezi Mei na magongo mawili, na kabla zabibu za mwaka ule hazijakomaa alishaanza kuchomelea tena, akiwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na nusu ya malango ya kijiji hiki, pamoja na lango la kanisa mlilopita leo, ni kazi ya mikono yake, na yalipoharibika aliyatengeneza bure hata baada ya miaka kumi. Mguu wa bandia alipewa mwaka 2004, akaambiwa atabadilishiwa baada ya miaka mitatu. Ndio huo huo tumeuweka kando yake jenezani leo, umefungwa kwa waya alioufunga mwenyewe.

Tangu mwaka 2007 familia ilikuwa ikipata posho ya kaya maskini, ambayo mwishoni ilikuwa lari mia moja na hamsini kwa mwezi, pamoja na nafuu ya dawa inayofuatana nayo. Si utajiri, lakini pensheni yake ya majeruhi wa vita iliishia kwenye umeme, kuni na deni la dukani, na ni posho hiyo iliyokuwa ikinunua dawa ya kidonda cha mguu, kwa maana mguu uliokatwa vitani haukuwahi kukauka sawasawa, kidonda kilifunga kiangazi, kikafunguka masika.

Sasa tunafika tarehe 10 Aprili 2019, siku ya Jumatano. Afisa alikuwa amepiga simu Jumatatu kwamba anakuja kuikagua nyumba na kuandika hali yake, na afisa mwenyewe, wakati ule bado akitembelea nyumba kwa nyumba, alikuwa Bwana Mamuka. Tsiala alitaka kila kitu kibaki kilivyo, kabati tupu libaki tupu, na maharage ya jana yabaki juu ya jiko, akamwambia mumewe, "Murman, huyo si mgeni, ni mtu anayekuja kupima umaskini wetu, mwache aupime." Marehemu akamjibu, "Akishavuka kizingiti changu ni mgeni, na mgeni hali maharage ya jana." Tsiala akamuuliza, "Utamlisha nini basi, huo mguu wa plastiki?" Mama Nutsa akacheka hadi akakohoa, lakini aliposhusha pumzi alimuunga mkono mwanawe, akasema nyumba ya Platon haijawahi kumtoa mtu na njaa, na haitaanza na yeye akiwa hai.

Basi yakafanyika yanayofanyika katika kila nyumba hapa, na asiyewahi kuyafanya ainue mkono. Mabenchi mnayokalia sasa hivi yametoka nyumba kumi na moja. Makvala, mjane wa jirani, alitoa viti vyake sita vya mahameli na seti ya sahani, shangazi wa Bondo akatoa zulia la ukutani, Vazha akachinja nguruwe mdogo, na Bondo akaja ameibeba televisheni yake kubwa mgongoni ili ukuta usionekane uchi, akipiga kelele tangu njiani, "Murman, hii ikipata mkwaruzo, shemeji yako atanilaza zizini!" Marehemu akavaa suti yake ya harusi, akaficha magongo nyuma ya mlango, akasimama langoni kwa mguu ule wa waya, akampokea afisa kama anavyopokelewa mkwe.

Na afisa alikula. Alikula mkate wa jibini, akala kuku wa mchuzi wa kokwa za jozi, akala nguruwe, akanywa divai ya mwisho iliyokuwa katika mtungi uliozikwa uani, na katikati ya chakula alisimama mwenyewe, glasi mkononi, akamwombea marehemu afya njema, akamwita ngao ya nchi, machozi yakimlengalenga, na alipoondoka Tsiala alimfungia jibini nzima kwenye kitambaa. Kisha akaenda ofisini akaandika televisheni, zulia, viti vya mahameli, meza iliyojaa, mwenye nyumba mwenye nguvu anayetembea bila gongo, na kuanzia Mei posho ikakatwa na nafuu ya dawa ikaondoka nayo.

Bwana Mamuka, umetuambia mara nyingi, "Mimi huandika ninachokiona," na Vazha alishakuuliza ofisini kwako, "Na ulichokula, ulikiandika wapi?" Ungekuwa umetoka nchi za mbali tungekusamehe. Lakini wewe umezaliwa vijiji viwili kutoka hapa, mama yako akipata mgeni anatuma mtoto kuazima sahani kama mama zetu wote, na ulijua, ukiwa umekaa juu ya kiti cha Makvala, kwamba mtu aliyechomelea lango lako kwa mkopo hawezi kununua mahameli. Ulijua ukameza.

Siku za kukata rufaa zilikuwa kumi na tano. Tsiala alimsihi mumewe kila asubuhi, na kila asubuhi jibu lilikuwa moja, "Nikasimame mbele ya mtu nimwambie nyama aliyokula kwangu ilikuwa ya kuazima? Mgeni hatajiwi bei ya mkate." Familia inasema bila kuficha kwamba hilo lilikuwa kosa, na ni kosa la muungwana, na Tsiala alilibeba bila kumsimanga hata siku moja mbele ya watu. Februari 2021 aliuza ng'ombe. Dawa ilipoisha alichemsha mashuka ya zamani akayachana kuwa bandeji, na Khatuna alipotuma pesa kutoka Ugiriki walilipa duka kwanza, kwa sababu bila duka hakuna unga.

Februari 2022 kidonda kilifunguka na hakikufunga tena. Marehemu alificha harufu kwa majani ya mnanaa hadi Juni, alipolazwa Kutaisi, na tarehe 6 Septemba mguu ulikatwa mara ya pili, juu ya goti. Siku hiyo Tsiala alitoka hospitali, hakumwomba mtu ruhusa, akaenda moja kwa moja ofisi ya wilaya kufungua malalamiko, na wiki iliyofuata majirani wakamfuata mmoja mmoja kutoa ushahidi, Bondo kwa televisheni yake, shangazi kwa zulia lake, na Makvala, alipoulizwa atathibitishaje kwamba viti ni vyake, akamwambia karani, "Njoo nyumbani, mwanangu, nikuoneshe pale marehemu mume wangu alipobonyeza kwa makalio miaka thelathini." Marehemu aliposikia hayo kitandani aligeukia ukutani kwa aibu, kisha bega lake likaanza kutikisika, na Tsiala anasema ndiyo mara ya mwisho alimwona akicheka.

Sumu ya kidonda ilikuwa imeshaingia kwenye damu. Murman Sakhvadze alifariki Jumanne, tarehe 8 Novemba 2022, saa kumi alfajiri, akiwa na umri wa miaka hamsini na sita, mkono wake ukiwa katika mkono wa mkewe. Alhamisi, maiti ikiwa sebuleni, tarishi akaleta barua inayosema kosa limeonekana, posho inarudi kuanzia Novemba, bali ya miezi arobaini na miwili iliyopita, ndizo zile lari elfu sita na mia tatu, haitalipwa, kwa kuwa familia yenyewe ilichangia kupotosha ukaguzi. Ndivyo walivyouita ukarimu wake.

Familia inawashukuru daktari na wauguzi wa Kutaisi, waliotununulia dawa kwa pesa zao mara mbili na wakakataa kurudishiwa, inamshukuru kasisi, inawashukuru wanaume waliopigana pamoja naye na kuchimba kaburi leo licha ya mvua, inawashukuru Bondo, Makvala na majirani wote, ambao hawajamwacha Tsiala alale peke yake tangu Jumanne, na kama kuna tuliyemsahau, atusamehe.

Murman, kaka yetu, wewe huna deni la mtu yeyote, si la mkate wala la damu, pumzika sasa bila maumivu, mama yako, mkeo na mwanao tunao sisi.

Bwana Mamuka, shada lako tumelipokea. Lari elfu sita na mia tatu zifike mkononi mwa Tsiala kabla ya arobaini.