Debra Adero, Aliyesema Anaogopa Chakula

Wazazi, majirani na wanafunzi mliofika hapa Ahero, haya ni maisha ya Debra Adero, jinsi yalivyosemwa na nyanya yake, mama Agneta Aloo, ambaye yeye alimwita Dani, nasi wa familia tukaandika.

Debra alizaliwa hapa tarehe 14 Machi 2008, mtoto wa pili wa Calvince Ouma na Becky, akawa mtoto wa kulamba mwiko wa uji hadi nyanya akawa anamwita "tumbo ya baba yake", naye anacheka.

Alianza darasa la kwanza mwaka 2015 katika shule ya Obunga, akamaliza la nane mwaka 2022, na Februari 2023 akaingia shule ya bweni upande wa Katito, ambako wasichana walimwita Gunia ya Ahero, akacheka nao pia, lakini tangu hapo sahani yake ikawa ya kugawia wengine.

Kazi aliyoifanya ni kuuza mchele sokoni na nyanya yake kila likizo, hakuolewa, hakuacha mtoto.

Kuhusu ugonjwa, Aprili 2024 alisema anafunga kwa maombi, na nyanya akawaringia akina mama wa kwaya, mnaona huyu wangu, siku ya tatu hajagusa kitu, wakapiga makofi. Agosti alirudi amekonda, mmoja wao akasema ni chira, amevunja mwiko wa ukoo, mwingine akanong'ona ukimwi, na Debra akasikia yote kupitia ukuta wa mabati, hata rafiki yake Metrine alipombembeleza waende kwa muuguzi, alikataa, akasema nikionekana pale watasema ni kweli.

Desemba, jikoni, alimshika nyanya leso, akasema, "Dani, mimi naogopa chakula." Nyanya, ambaye mafuriko yamemlaza njaa mara nyingi, alicheka, "Mtu huogopa njaa, mama, chakula kinauma?" Debra naye akacheka, akasonga ugali ya watu wote, hakusema tena.

Tarehe 7 Julai 2025 alianguka kwenye paredi ya shule, akapelekwa hospitali Kisumu, ambako daktari alituambia huku kuogopa chakula ni ugonjwa, una jina, hutibika ukiwahiwa, ila moyo ulikuwa umechoka. Alituacha tarehe 16 Julai, saa nne asubuhi, akiwa na miaka kumi na saba.

Tunawashukuru madaktari, walimu, majirani wa Obunga, na Metrine aliyemwosha uso hadi mwisho.

Sufuria ziko jikoni, mtakula, na nyanya anaomba neno moja tu, mtoto akikuambia anaogopa chakula, usicheke, keti naye.

Pumzika sasa, Debra, Dani amesikia.