Komeo na Jioni ya Halowini

Benchi liko mbele ya duka la Jaswant, Ilford, huku ughaibuni kwa Wazungu, na wenyewe wanajulikana. Shaame, Mpemba mstaafu wa posta, wanamwita Komeo, maana kila jioni ya Halowini, watoto wa Kizungu wanapopita na vinyago usoni kuomba pipi, yeye huzima taa, akakomea mlango na kukaa gizani mpaka waishe. Muhsin wa Unguja, mwenye chupa ya kahawa, ni Rada, kwani habari hazimpiti. James, Mkenya anayetunza wazee kwa zamu za usiku, ni Naiti. Leo ndiyo siku yenyewe, na Miska, mjukuu wa Komeo, amelia tangu asubuhi akitaka babu afungue mlango. Komeo moyo unamuuma, lakini hakubali kushindwa.

— Sifungui! Na alie mpaka akome.

— Usifungue, akasema Rada akimimina. Hao wametumwa kuchungulia nani yuko nyumbani, nani hayupo. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba cha nini?

— Cha umbea, bwana!

Naiti akacheka.

— Wee, hiyo ni kidogo. Hii ni biashara ya madaktari wa meno. Watoi wakule sweets Oktoba, kufika Krismasi meno yote imeoza. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

— Sasa tembo limeingiaje hapa?

— Ngoja tu, bana, utaona.

Rada akasogea, akapunguza sauti.

— Nyote hamjui kitu. Juzi Wazungu wamerudisha saa zao nyuma, kama kila mwaka baridi ikikaribia, sivyo? Ile saa moja ya ziada imekwenda wapi? Wamewapa majini! Ndiyo wakawavisha watoto sura zao, wawazoee. Novemba wanachoma sanamu la mtu, hayo ni mafusho. Disemba wanaingiza mti mzima ndani, majini wapate pa kulala!

Komeo akapiga paja kwa furaha.

— Umeona? Mimi nakomea kwa elimu!

Soud, shemeji yake Rada, aliyefika wiki ile kutoka Wete, alikuwa akinywa kahawa. Akaweka kikombe chini.

— Samahani, Ami Shaame. Hao watoto wanagonga kwa majirani, wanapewa kitu kitamu, wanakwenda zao?

— Ndiyo hivyo.

— Kama sisi tulivyokuwa tukipita nyumba kwa nyumba kutaka mkono wa Idi.

— Si sawa hata kidogo!

— Haya, si sawa. Basi huku, siku ya Idi, Miska hugonga kwa nani?

Miaka yote mtaani pale, hata jina la jirani wa ukuta mmoja Komeo halijui. Siku ya Idi Miska huvaa gauni jipya, akakaa dirishani nalo mpaka usingizi umchukue. Aibu ikamshika, aibu ya kweli.

— Rada, niongeze kahawa.

— Imekwisha.

Komeo akainuka, akaingia dukani, akatoka na mfuko mkubwa wa pipi, baada ya kumsumbua Jaswant amsomee kama zina gelatini ya nguruwe.

— Ehe, unafungua? akauliza Naiti.

— Nafungua. Lakini mtoto hapati pipi mpaka aniambie kwao ni mlango gani.

— Wa nini tena?

— Idi inakuja. Miska ataigonga milango yote hiyo.