Meko ya Papa Kamba

Leo Ijumaa, tarehe 30 Oktoba 2015, Mzee Natanaeli Gasore anastaafu baada ya miaka kumi na minane ya kujenga meko katika karakana yetu hapa Nakivale, makazi ya wakimbizi nchini Uganda. Ana umri wa miaka sitini na mmoja. Nimeombwa niandike maneno haya kwa sababu wengine tulioanza nao kazi mwaka 1997 wamehama, na baadhi tumewazika.

Mzee Natanaeli alizaliwa kwenye milima ya Kivu ya Kusini, mahali penye baridi, ambapo meko hukaa katikati ya nyumba na kila mtu ana fasi yake ya kuketi. Mwishoni mwa 1996, wakati wa vita, alifika mji wa Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, na mkewe, Ikirezi. Mashua ya kwanza ilikuwa na nafasi ya mtu mmoja tu, na ndugu zake wakamsukuma yeye apande. Ikirezi alibaki kusubiri mashua ya pili. Haikufika. Mzee alipita Tanzania, akaingia Uganda kwa njia ya Kikagate, na tangu siku hiyo hakuacha kuuliza wanaovuka mpaka kama wamemwona.

Kazini alikuwa na utaratibu wake. Hakuchimba udongo wa kichuguu wala kukata majani ya kuchanganya kabla hajampima mpishi. Mama aliketi juu ya kigoda chake, naye akanyoosha kamba: fundo la kwanza kwenye goti, ili ajue kimo cha meko, la pili kwenye ncha za vidole, ili sufuria isiwe mbali, la tatu upana wa sufuria yenyewe. Kisha aliandika jina kwenye kikaratasi na kuitundika kamba msumarini. Hadi wiki iliyopita alikuwa ametundika kamba mia sita na kumi na mbili. Akina mama wa Rubondo ndio waliompa jina la Papa Kamba. Mama Apolline alikuwa akimpigia kelele kutoka mlangoni: "Papa Kamba, miye niko mufupi! Usinijengee jiko ya batu barefu!"

Hata Mbarara walimjua. Mwaka 2006 Bwana Mbabazi wa Nyamityobora alitaka sebuleni kwake mahali pa kuotea moto, penye bomba la moshi, kama alivyoona kwenye picha. Alishika picha mkononi. Mzee Natanaeli hakuitazama. Aliuliza nani huketi wapi jioni, akaambiwa kuna bibi mzee, mama wa mwenye nyumba, kwenye kona. Akamwendea na kamba, akapima kutoka kwenye nyayo zake hadi ukutani. Bwana Mbabazi akacheka: "Wewe fundi ya moto ama fundi ya nguo?" Kazi ilipoisha, mdomo wa meko ulikuwa chini kuliko kwenye picha, na mwenye nyumba alinung'unika hadi mama yake alipovua soksi kwa joto. Tulilipwa bila neno lingine.

Amefundisha mafundi arobaini, kuanzia Juru hadi Ngarama. Meko yake yanakula nusu ya kuni za mawe matatu, na akina mama waliokuwa wakienda porini kila siku sasa huenda mara mbili au tatu kwa wiki. Mradi mmoja wa msaada ulipoleta mchoro wenye kipimo kimoja kwa watu wote, aliukunja kwa heshima na kumwomba bwana aliyeuleta aketi kwenye kigoda apimwe.

Mara moja tu alivunja utaratibu wake. Mwaka 2004 tulipata habari kwamba mama aitwaye Ikirezi, mtu wa milima yake, yuko Kikagate na ataletwa Nakivale baada ya siku nne. Wakati huo Mzee alikuwa akipikia kwenye mawe matatu nje, yeye fundi mzima. Alinituma udongo. Akajenga meko ndani ya nyumba yake bila kamba, kwa kukumbuka tu, akifumba macho na kuweka mkono hewani mahali palipokuwa goti la mkewe. Sijaona meko mazuri kama yale.

Gari lilipofika, akashuka Ikirezi mwingine, mama mzee, amechoka sana. Mzee Natanaeli alimkaribisha hivyo hivyo na kumwomba apike. Yule mama aliketi, akainua mikono hadi kifuani. "Papa, iko juu sana kwangu. Uliijengea nani?"

"Nilikosa kipimo, mama," alijibu.

Wiki iliyofuata alimpima na kumjengea mengine kwenye kiwanja chake. Yale ya nyumbani hakuyawasha tena. Alirudi kwenye mawe matatu, na kwa miaka kumi na moja hakuna kati yetu aliyemuuliza.

Mke wangu, Constance, alipofariki mwaka 2012, Mzee alikuja siku ya nne. Aliwasha moto, akachemsha chai, akasema, "Byamungu, usiache meko baridi. Udongo inapasuka." Kesho yake aliitoa kamba ya Constance msumarini akaniletea. Mafundo yake bado yamekaza.

Jumanne iliyopita aliniita kwake. Nilikuta ameyabomoa yale meko ya 2004, yamepasuka vipande vipande, na udongo wake ameuloweka upya. Aliketi kwenye kigoda, akanipa kamba. Mtu hawezi kujipima mwenyewe vizuri. Lazima mwingine ashike upande wa chini. Nilipiga magoti. Tukafunga fundo la goti, kisha la vidole. Kwa fundo la tatu alileta sufuria ndogo, ya mtu mmoja. Niliinyoosha kamba juu ya mdomo wake.

"Ongeza vidole mbili," akasema. "Siku ya Mungu utakuya kula."

Nilifunga fundo hapo. Kamba hiyo ni ya mia sita na kumi na tatu, na leo nimeitundika pamoja na zile nyingine.

Asante, Mzee Natanaeli, kwa kila mgongo uliouokoa na maumivu na kila jicho uliloliokoa na moshi. Kaa vizuri kando ya moto wako. Jumapili naja na kuni.

Byamungu Adolphe,
kwa niaba ya wafanyakazi wa karakana