Bi Lamduan Kaeokham, Aliyejifunza Adabu kwa Mbwa wa Sokoni

Watawa waheshimiwa, ndugu na majirani, kabla moto wa kuuchoma mwili haujawashwa, tumsikie kidogo huyu tunayemsindikiza.

Bi Lamduan Kaeokham alizaliwa Jumatano, tarehe 3 Machi 1948, katika wilaya ya Mae Tha, mkoani Lampang, akiwa mtoto wa tano wa wakulima wa mpunga. Alisoma madarasa manne tu katika shule ya hekaluni, kisha akabaki shambani kumsaidia mama yake.

Juni 1969 aliajiriwa kufagia barabara za mjini Lampang, na fagio hakuliweka chini hadi alipostaafu mwaka 2008. Sehemu yake ilikuwa soko la asubuhi na vichochoro vyake, makao ya mbwa wasio na mwenyewe. Mwanzoni aliwafukuza kama kila mtu. Baadaye akaanza kuwatazama, maana kazi ya kufagia hushughulisha mikono na kuyaacha macho huru.

Tarehe 12 Februari 1973 aliolewa na Bunthom, dereva wa gari la farasi. Bunthom aliwachekesha abiria wake: “Mke wangu anawajua mbwa wote wa soko kwa majina, lakini siku yangu ya kuzaliwa lazima aulize.” Walijaliwa binti mmoja, Phikun.

Marehemu hakuwa mtu wa kukosea kidogo. Kwa miaka mingi aliwaficha mbwa hao wa soko wasichanjwe, kwa kuwa alichukia kuona wakikamatwa kwa kitanzi. Mwaka 1989 mmoja wao alishikwa na kichaa cha mbwa akamng'ata muuza mboga, ambaye ilibidi adungwe sindano nyingi. Marehemu alimwomba radhi mbele ya soko zima. Tangu hapo kila mwaka aliwashika mbwa mwenyewe, mmoja mmoja, wakachanjwa.

Wengi wenu mnamkumbuka Khanun, mbwa wa jirani yake, Mwalimu Sa-ngiam. Alifungwa mnyororo langoni, akibweka kutwa. Mwaka 1994 alimng'ata mleta barua, na Mwalimu akaamua kwenda kumtupa hekaluni, kama wengi wafanyavyo na mbwa wasiowataka.

“Nipe asubuhi tatu kwanza, Mwalimu,” marehemu alimwambia. “Twende sokoni.”

Waliketi kwenye ngazi za duka la vyungu. Mbwa wawili wageni walikuwa wakikaribiana.

“Watauana hao,” alisema Mwalimu.

“Tazama miguu. Umeona wanavyopinda njia? Hakuna anayemwendea mwenzake uso kwa uso. Ananusa, anageuza kichwa, anapita. Na yule anayepiga miayo hana usingizi. Anasema, ‘Nipishe, umenikaribia mno.’”

“Na Khanun wangu je?”

“Khanun apinde aende wapi, na shingo iko kwenye mnyororo? Umemwachia njia moja tu, ya meno.”

Mwalimu akaguna. “Miaka ishirini nafundisha, leo nafundishwa na mfagiaji na mbwa wenye upele!”

“Upele uko kwenye ngozi, Mwalimu. Adabu iko ndani.”

Khanun alifunguliwa nyuma ya ua uliofungwa vizuri, akatengewa kona chini ya nyumba iliyoinuliwa kwa nguzo, asikosumbuliwa na mtu. Chakula chake kilitawanywa majanini akitafute kwa pua. Akitembezwa, hakuvutwa. Haikuwa kazi rahisi. Mwezi wa pili alimng'ata marehemu mwenyewe, akamwachia kovu mkononi. “Kosa langu,” alisema. “Aligeuza uso, nami nikazidi kumsogelea.” Khanun aliishi miaka tisa zaidi na hakung'ata mtu tena. Watu wakaanza kumletea marehemu mbwa wao hata kutoka Chiang Mai, naye aliwapeleka wenye mbwa hao sokoni kuketi na kutazama. Wakimsifia uhuru wa mbwa wa mtaani, aliwakatiza: “Wana njaa, na magari yanawaua wangali wadogo. Chukueni adabu yao, shida yao muwaondolee.”

Aprili 2022 alipatwa na kiharusi, akapoteza usemi. Wageni walijaa, kila mmoja akimwinamia usoni na kumwita kwa sauti kubwa. Siku ya nne Phikun, ambaye tangu utotoni aliona aibu kwa habari za mbwa, alimwona mama yake akigeuza uso ukutani na kupiga miayo. Akaelewa. Aliwatoa wote kwa upole, akaketi ubavuni mwa kitanda bila kumkazia macho, akangoja. Baada ya muda mrefu marehemu alinyoosha mkono mwenyewe, akashika wa binti yake. Kwa miezi saba iliyofuata, kila aliyeingia aliketi vivyo hivyo.

Alifariki nyumbani tarehe 9 Novemba 2022, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na minne. Mumewe alimtangulia mwaka 2011.

Ameacha binti yake Phikun, mkwe wake Anurak, wajukuu wawili, dada yake Bi Kaeomala, jirani yake Mwalimu Sa-ngiam, aliyeomba jina lake litajwe hapa, na mbwa kumi na mmoja wa soko la asubuhi, wote wamechanjwa.

Bi Lamduan, pumzika. Uendako ukapokewe kwa upole.